Moshi wa Gulwe

Sisi tuliokulia Gulwe tuliijua treni kwa moshi wake kabla ya kuusikia mlio wake. Ukiwa malishoni na mbuzi, ng'ambo ya mto Kinyasungwe, uliona wingu jeusi likichomoza upande wa Kidete na kupanda juu ya migunga, ukajua kwamba bado una nafasi ya kukimbia hadi stesheni. Akina mama nao waliliona. Walijitwika nyungo za karanga na mayai ya kuchemsha, wakashuka upesi upesi ili abiria wasiwapite. Saa hatukuwa nazo, na moshi ndio uliokuwa saa yetu. Hata lugha yetu ilikiri jambo hilo, maana chombo kile kiliitwa gari la moshi.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Reli yenyewe ilikuwa imetuzidi umri sana. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kilosa kuja kwetu walilifuata bonde la mto, kwa kuwa hiyo ndiyo njia nyepesi ya kupandia uwanda wa juu. Mpwapwa, mji uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya miguu, ukaachwa kando kilomita kumi na kadhaa. Hivyo Gulwe ikawa mlango wa Mpwapwa. Walimu, wauguzi, magunia ya chumvi na barua za serikali, vyote viliteremshwa mbele ya macho yetu. Kwa mtoto wa Kigogo aliyekuwa hajavaa viatu, moshi ule ulikuwa habari njema kutoka ulimwenguni.

Baba yangu aliutazama kwa jicho jingine. Kwa miaka mingi injini za reli hiyo zilichoma kuni, na mafuta mazito yalianza kushika nafasi ya kuni baada ya Vita Kuu ya Pili. Moshi niliouona mimi ulikuwa wa mafuta, ila moshi wa ujana wa baba ulikuwa wa kuni, na kuni hizo alizikata yeye na wenzake. Walizipanga kando ya njia, zikapimwa, wakalipwa. Alinisimulia kwamba alipoanza kazi hiyo mti ulioangushwa ulikuwa karibu kugusa reli. Alipoiacha, walikuwa wakiondoka alfajiri na jua linawakuta bado wanatafuta mahali pa kukata. Aliyasema hayo kwa fahari, na alikuwa na haki, kwa sababu karo yangu ya kwanza ya shule ilitokana na shoka lile.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa jiografia alitufundisha juu ya miji ya viwanda ya Uingereza. Alitueleza habari za London, Desemba 1952, jinsi moshi wa makaa ya mawe wa majumbani, viwandani na kwenye vituo vya umeme ulivyochanganyika na ukungu, ukatanda siku tano bila kuondoka. Mchana uligeuka giza, na watu wasiopungua 4,000 wakapoteza maisha. Bunge lao likatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Nami, kwa kiburi cha ujana, nikanyosha mkono nikasema kwamba kwetu Gulwe moshi wa treni haukumdhuru mtu, maana upepo uliuchukua mara moja. Mkufunzi akanitazama, akaniuliza, "Moshi ulichukuliwa na upepo. Na kuni zilichukuliwa wapi?" Darasa likacheka. Nilikaa chini bila jibu.

Jibu lilikuwapo pale pale Mpwapwa. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa mifugo walipima huko jinsi mvua inavyokwenda ikishaanguka. Penye kichaka kisichoguswa, maji yaliyotiririka juu ya ardhi hayakufika hata sehemu moja ya mia. Penye ardhi tupu, karibu nusu ya mvua yote ilitiririka ikaondoka na udongo. Mwenye kuijua Ugogo haoni ajabu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, nayo huja kwa hasira. Isipokuta mti wala nyasi, huubeba mlima na kuupeleka mtoni.

Na reli iko bondeni, kando ya mto. Mchanga ukijaa, mto hupanda na kutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo imekuwa ni tuta la reli. Mvua za mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 ziliibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe vibaya sana, hata treni za kutoka pwani zikashindwa kupita kwa miezi kadhaa. Haikuwa mara ya kwanza, wala ya mwisho.

Sitaki kumbebesha baba yangu mto mzima. Ng'ombe walikula, mashamba yalifyekwa, mkaa ulichomwa, na nyumba zilijengwa kwa miti. Tena nami nimo. Nilipokuwa mwalimu mkuu, katika miaka ya 1980, niliweka amri kwamba kila mwanafunzi alete mzigo wa kuni za jikoni kila wiki. Asubuhi moja binti wa darasa la tano alichelewa, naye akaja na vijiti vya miiba visivyojaa mkono. Akasema, "Za karibu zimekwisha, Mwalimu." Nikamrudisha akatafute zaidi. Aliondoka bila kunung'unika, na siku ile hakurudi darasani. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kwa baba yangu, lakini sikuyatambua yalipotoka kinywani mwa mtoto. Nilikuwa nikifundisha jiografia.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa reli mpya, nayo inapita Gulwe. Nilikwenda na mjukuu wangu kuitazama. Tulisikia mvumo, ikapita, na anga likabaki kama lilivyokuwa. Mtoto akaniuliza zamani tulijuaje kwamba treni inakuja. Nikamweleza moshi, na akina mama walivyoshuka na nyungo zao, akafurahi sana.

Kisha nikamshika mkono tukashuka hadi mtoni. Nikamwonyesha mchanga ulipofikia, nikaanza kumsimulia habari za shoka la babu yake mkuu, na za binti yule niliyemrudisha.