Wimbi Lililoifikia Pangani Miaka Elfu Iliyopita

Kwenye ghuba ya Pangani, mahali mto unapomwaga maji yake baharini, ardhi ina tabaka mbili zisizofanana. Ya kwanza ni tope la mto, laini na jeusi, lililolala hapo kidogo kidogo kwa karne nyingi. Katikati ya tope hilo umejipenyeza mkanda wa mchanga. Mchanga huo umechanganyika na magamba madogo mno ya viumbe vya baharini, mengine hayaonekani bila hadubini, na ndani yake mna mifupa ya watu.

Elinaza Mjema, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa akichimba eneo hilo kutafuta habari za Waswahili wa kale. Watu hao waliishi kabla ya majumba ya mawe kuenea katika mwambao huu, kabla hata ya msikiti wa Kizimkazi kuandikwa mwaka wake, 1107. Walikuwa wavuvi, wakifinyanga vyungu, wakichonga shanga kwa magamba na kujenga nyumba za miti na udongo. Mifupa iliyotokea ilileta swali gumu. Haikuwa na dalili ya vita wala ya maradhi, na haikulala kama watu waliozikwa na jamaa zao.

Jibu lilihitaji watu wa fani nyingine. Wanajiolojia, akiwamo Vittorio Maselli wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, walishirikiana na Mjema kuuchunguza ule mchanga: punje zake, viumbe vyake, umri wa mkaa na mifupa iliyomo. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida la Geology. Walisema mchanga ule uliletwa na tsunami kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, na kwamba waliokutwa ndani yake yaelekea walikufa maji. Ni ushahidi wa kwanza wa tsunami ya kale kupatikana kwenye udongo wa Afrika Mashariki.

Ninaomba msomaji akae kidogo na habari hiyo. Familia nzima nzima za pwani yetu, zenye moto jikoni na nyavu zikianikwa nje, zilifikiwa na bahari siku moja, na waliokutwa hapo hawakuzikwa na mtu. Hatuna utenzi wa msiba huo, wala hadithi ya bibi, wala jina la mji. Dhoruba ya Aprili 1872 iliyovunja merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja tunaikumbuka, kwa sababu watu waliiandika na kwa sababu Pemba ikawa nchi ya karafuu baada yake. Hawa wa Pangani habari yao imetunzwa na mchanga peke yake.

Wimbi lilitoka wapi? Watafiti walipiga hesabu kwa kompyuta, na mshukiwa mkubwa yuko upande wa pili wa bahari, yapata kilomita 6,000 kutoka Tanga: ufa mrefu wa chini ya bahari unaopita kando ya Sumatra na visiwa vya Andaman, ambako bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine. Mchanga wa umri unaokaribiana na huo umeonekana pia katika nchi nyingine zinazozunguka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo huenda msiba wa Pangani ulikuwa kipande cha msiba wa bahari nzima, uliozipata familia za ng'ambo ya bahari na za Pangani siku ileile, bila mmoja kujua kama mwenzake yupo duniani.

Ufa huohuo ulifyatuka alfajiri, kwa saa zetu, ya Desemba 26, 2004, kwa tetemeko la kipimo cha 9.1. Watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi 14. Sinema ilikuja baadaye. The Impossible, filamu ya J.A. Bayona iliyotoka mwaka 2012, inasimulia kisa cha kweli cha familia ya Kihispania iliyotawanywa na maji huko Khao Lak, Thailand, kisha ikakutana tena ikiwa hai. Ni filamu nzuri, na wengi tumeitazama kama habari ya mbali. Ila maji yale hayakuishia Thailand. Yalivuka bahari kwa kasi ya ndege, yakaua karibu watu 300 Somalia, na mchana yakafika kwetu. Kenya ilipata muda wa kuwaondoa watu ufukweni baada ya habari za Asia kutangazwa, na aliyekufa ni mmoja. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam.

Kilichotuokoa kinafahamika kwa kila mvuvi wa Kigombe au Kipumbwi. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Wimbi lilitukuta maji yamekupwa, likapoteza nguvu nyingi juu ya miamba na fukwe zilizokuwa kavu. Lingechelewa saa chache likatukuta bamvua imejaa, leo tungekuwa tunahesabu wafu kwa namna nyingine.

Na hapo ndipo penye hatari inayonitia wasiwasi zaidi. Tsunami mara nyingine hutanguliwa na bahari kurudi nyuma ghafla, samaki wakabaki wanarukaruka kwenye mchanga. Kwa mwanamke wa Ushongo anayetoka na kijiti chake kutafuta pweza, maji kukimbia ni riziki. Amefundishwa tangu utotoni kuyafuata. Lakini pia amefundishwa saa za maji, na anajua vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa mjini kwamba maji hayapwi wakati ambao si wake. Ujuzi huo ni king'ora ambacho kila kijiji cha pwani tayari kinacho. Kinachohitajika ni mtu kwenda kumwambia, kwa lugha yake, kwamba maji yakipwa nje ya saa yake asiyafuate, apande juu na watoto, asirudi baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi.

Baada ya 2004, UNESCO na nchi za Bahari ya Hindi zilianzisha mfumo wa tahadhari. Australia, India na Indonesia huchambua matetemeko na kutoa taarifa. Hapa nchini hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kutoka Sumatra hadi Tanga wimbi huchukua saa kadhaa, muda wa kutosha kuhamisha mji. Taarifa ikifika Dar es Salaam kazi inakuwa imefika nusu. Nusu iliyobaki ni ya wilaya, ya mwenyekiti wa kijiji na ya kipaza sauti cha msikiti.

Mji wa Pangani wenyewe umekaa tambarare, ukingo wa kaskazini wa mto, soko na shule zake zikiwa hatua chache kutoka majini. Mwinuko unaoonekana mara moja ni wa Bweni, ng'ambo, na jicho la mtu mwenye hofu litaelekea huko. Wa mjini wasiukimbilie. Mto huo ndio njia ambayo maji ya bahari yatapandia kwanza, na pantoni haifai kuwa na mtu saa hiyo. Njia yao ni barabara ya kwenda Muheza, kwa miguu ikibidi, migongo yao ikiwa imeelekea bahari. Hilo watoto wa shule za Pangani wanaweza kufundishwa asubuhi moja, kwa kutembezwa njia yenyewe.