Modafinili katika uchovu wa MS

Modafinili ni dawa ya kumfanya mtu abaki macho. Ilibuniwa kwa ajili ya narkolepsi, maradhi ya kuzidiwa na usingizi mchana. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 madaktari wa neva wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwaandikia pia wagonjwa wa multipo sklerosisi, kwa ufupi MS, wanaoandamwa na uchovu. Matumizi hayo hayamo katika idhini rasmi ya dawa, na utafiti kuhusu manufaa yake umetoa majibu yanayopingana.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo, hata ujumbe wa neva ukapita polepole au ukakatika. Watu takriban milioni 2.9 duniani wanaishi na ugonjwa huu. Walio wengi hupata uchovu, na mara nyingi huutaja kuwa ndio unaowatesa kuliko dalili nyingine yoyote. Huweza kumkuta mtu asubuhi, ametoka kulala usiku kucha. Joto likipanda nao huzidi. Na kwa kuwa hauonekani kwa macho, mgonjwa hudhaniwa mvivu nyumbani na kazini, dhuluma inayoumiza kuliko uchovu wenyewe.

Dawa ilitoka Ufaransa, katika maabara ya Lafon, na mtafiti wa usingizi Michel Jouvet wa Lyon alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuijaribu kwa wagonjwa wa narkolepsi. Marekani iliiidhinisha mwaka 1998 kwa jina la Provigil. Huzuia dopamini isirudishwe haraka ndani ya seli za neva, na hugusa pia sehemu za ubongo zinazotawala kukesha na kulala. Kwa kawaida mgonjwa wa MS hupewa miligramu 100 hadi 200, anywe asubuhi, kwa sababu dawa hukaa mwilini saa nyingi. Akiinywa jioni atakosa usingizi, na kesho yake ataamka amechoka zaidi.

Matumaini yalianzia Ohio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wagonjwa 72, na miligramu 200 zikaonekana kupunguza uchovu kuliko vidonge visivyo na dawa ndani, ingawa miligramu 400 hazikufaa kitu. Udhaifu ulikuwa katika mpango wenyewe: wagonjwa wote walipitia hatua zilezile kwa mfuatano uleule, na wagonjwa hawakujua wanameza nini ilhali watafiti walijua. Mwaka 2005 Wafaransa wakachapisha matokeo ya watu 115, safari hii pande zote mbili zikiwa zimefichwa. Uchovu ulipungua kwa waliomeza dawa, ukapungua vilevile kwa waliomeza vidonge vitupu.

Jaribio zito zaidi likachapishwa mwaka 2021, la vituo vya Baltimore na San Francisco. Wagonjwa 141 walipangiwa kupitia modafinili, amantadini, methilifenidati na vidonge vitupu, kila kimoja kwa wiki kadhaa. Hakuna dawa hata moja kati ya hizo tatu iliyoshinda vidonge vitupu, na zote zilileta madhara mengi zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulidokeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha suala zima: waliokuwa na usingizi mzito wa mchana walipata nafuu kidogo kwa modafinili na methilifenidati. Uchovu na usingizi ni vitu viwili. Dawa hii hupambana na usingizi, kwa hiyo daktari amuulize mgonjwa kwanza kama anasinzia au nguvu zinamwishia angali macho.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 bado unaruhusu modafinili kufikiriwa pamoja na amantadini, isipokuwa kwa mjamzito au anayepanga kupata mimba, maana imehusishwa na kasoro za kuzaliwa. Onyo hilo ni zito kwa sababu MS huwapata zaidi wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Tena dawa hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na athari hiyo huendelea hata baada ya kuiacha, hivyo inatakiwa kinga ya aina nyingine. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na wasiwasi ni ya kawaida; vipele vyovyote vya ngozi vyataka dawa isimamishwe na daktari aonwe mara moja, kwani mara chache hugeuka kuwa hatari kwa maisha. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa hapaswi kuitumia.

Kabla ya kuiandika, hutafutwa sababu nyingine za uchovu zinazotibika: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, kukatika pumzi usingizini, kuamka usiku kwa haja ndogo, au dawa za kulegeza misuli kama baklofeni. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani wa wagonjwa zaidi ya 330 uliolinganisha modafinili, tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na mienendo, na vyote viwili pamoja. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana, na waliochanganya hawakuwazidi wenzao. Hakukuwa na kundi la vidonge vitupu, kwa hiyo utafiti huo haufuti ule wa 2021. Ila wenye mazoea mabaya ya kulala walinufaika zaidi na mazungumzo kuliko na kidonge.