Marashi ya Köln na mabaka ya shingoni

Tests zimeisha, nimepata upenyo wa kuandika. Leo historia kidogo, lakini siyo ile ya Berlin na kugawana Afrika, hiyo tumeimeza tangu sekondari. Ni historia ya marashi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1700 Mtaliano mmoja, Johann Maria Farina, alikuwa Köln, Ujerumani, ambako familia yake ilifungua duka mwaka 1709. Wakati huo matajiri wa Ulaya walijipaka miski, harufu nzito ya kuziba pua. Farina akaja na kitu chepesi: spiriti yenye mafuta ya maganda ya limau, chungwa na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa kusini mwa Italia. Wafaransa wakayaita "maji ya Köln". Hata Napoleon alikuwa anajimwagia kwa fujo.

Sasa sikieni. Mafuta ya bergamoti yana kemikali inayoitwa bergapteni. Ikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi inaungua, kisha linabaki baka jeusi linalofuata njia ya tone lilivyochuruzika. Daktari Freund aliandika habari zake mwaka 1916. Yaani miaka 200 imepita! Mimi nadhani ni kwa sababu jua la Köln ni la kuomba, na watu walivaa mpaka kooni.

Sisi jua tunalo la kugawa. Hosteli kwetu dada mmoja alitokwa na mabaka shingoni, basi maneno yakaanza: "Mkorogo huo!" Akawa anajifunga mtandio hata kwenye joto la Machi. Alipokwenda kwa daktari aliulizwa swali moja tu: marashi unapulizia wapi? Mabaka yalichukua miezi kufifia. Maneno ya watu bado hayajafifia.

Siku hizi watengenezaji wengi wanaiondoa au kuipunguza bergapteni, ila chupa za mitaani nyingine hata hazisemi ndani kuna nini. Na ndimu nayo ina kemikali za ukoo huohuo, kwa hiyo ukishakamua, nawa kabla hujatoka juani.

Bibi zetu wa pwani walifukiza nguo kwa udi. Nasi tupulizie nguo, shingo tuiache. Na sisi walimu watarajiwa, tukimwona mwanafunzi ana mabaka, tuulize kwanza kabla ya kuhukumu.

Haya, maoni ruksa. Nawahi lekcha!