Yowe, Isnadi na Ujumbe Usio na Mwenyewe

Tembo wakitoka Hifadhi ya Serengeti usiku na kuvamia mahindi, mtu wa Mugeta, wilayani Bunda, ana njia mbili za kuita watu. Apige yowe, au aandike kwenye kundi la WhatsApp: "Tembo wameingia, njooni."

Yowe lina faida zake. Sauti yenyewe inaonyesha upande wa kukimbilia, na jirani anajua ni ya nani. Halivuki masikio ya karibu, kwa hiyo anayelisikia ndiye hasa mwenye uwezo wa kusaidia. Wasukuma huliita mwano, na enzi za ulinzi wa jadi wa sungusungu, miaka ya 1980, aliyelisikia akabaki amelala alitozwa faini. Ujumbe wa simu unafika hadi kwa kijana wa kijiji aliyeko Mwanza. Sawa, lakini yeye anausambaza kesho yake saa nne asubuhi, na Bunda mjini watu wanahangaikia tembo waliokwisha kurudi porini.

Pwani kuna kipimo kikali zaidi cha habari. Katika elimu ya hadithi za Mtume, neno halipokelewi bila isnadi: fulani kalisikia kwa fulani, naye kwa fulani. Kisha kila mpokezi anachunguzwa. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Yeye na aliyemsimulia waliwahi kukutana kweli? Akibainika mwongo mmoja tu, riwaya hiyo inakataliwa.

WhatsApp nayo ilianza kuweka alama ya ujumbe uliosambazwa mwaka 2018, na 2019 ikaweka kikomo cha kuutuma mahali patano kwa mpigo. Alama hiyo inasema neno limetoka kwingine. Haisemi kwa nani.

Kutotaja jina si uovu daima. Katika Kinshasa ya Mobutu, uvumi wa mitaani ulioitwa radio trottoir, yaani redio ya kando ya barabara, uliishi kwa sababu haukuwa na mwenyewe wa kukamatwa. Lakini tembo hawamkamati mtoa habari.

Kundi hilohilo la WhatsApp linafanya kazi vizuri mtu anapouliza, "Nani anamjua fundi wa plau?" Binamu anajibu: "Nenda kwa yule wa karibu na mnada, mwambie nimekutuma mimi." Kazi ikiharibika, lawama ina pa kwenda. Kwa hili naliamini kundi kuliko Google.

Basi wasimamizi wa makundi, habari ya tembo, homa au wizi wa ng'ombe ikiingia, ulizeni mawili kabla haijatoka: nani kaona, na saa ngapi?