Eti babu zetu walitembea uchi?

Kuna neno linalorudi kila tukikaa kupiga stori: eti wazee wetu wa zamani walikuwa uchi kama wanyama, mpaka mzungu alipotuletea nguo. Hata sisi wenyewe tunalisema tukicheka. Leo nataka tuliangalie vizuri, juu watu wanaosema hivyo hawajauliza ni nguo gani zilikuwepo.

Tuanze na Uganda, nchi iliyotupokea. Waganda wana mti wa jamii ya mkuyu, wanauita mutuba. Wakati wa mvua fundi anachuna gome lake, halafu anafunga shina na majani ya migomba ili lisikauke. Mti haufi. Unaotesha gome jipya na mwaka mwingine anarudi kuchuna tena. Gome analilainisha kwa moto wa maji, kisha wanaume wanalipiga kwa nyundo za mti zenye mistari, kwanza mistari mikubwa, mwisho midogo kabisa, mpaka linatanuka na kulainika kama kitambaa. Likianikwa juani linapata rangi ya udongo mwekundu. Mutuba unachunwa hivyo miaka mingi. Jaribu kufanya hivyo na suruali ya mitumba.

Nguo hiyo ilikuwa pia kodi. Watu walimpelekea Kabaka magome, na ukoo wa Ngonge ndio uliosimamia mafundi wa ikulu. Na habari ya uchi? Speke, Mwingereza aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, aliandika kwamba mwanaume akichuchumaa mbele ya Kabaka na mguu wake ukaonekana, anaweza kuuawa. Kuuawa kwa sababu ya mguu! Hapo nani atamfundisha nani kujifunika?

Kweli, sehemu nyingi kifua kilikuwa wazi na hakuna aliyeona aibu. Aibu ilikuwa na mahali pake pengine, basi.

Huku kwetu milimani ni baridi, na Wakonzo wa Rwenzori walishona ngozi za pimbi kuwa vazi la mabegani. Ukipanda juu ya Kilembe asubuhi utaelewa kwa nini. Ukivuka Mpondwe ukaingia Kongo, kwenye msitu wa Ituri, Wambuti nao walipiga magome: mwanaume anapiga, mwanamke anachora juu yake. Mbali zaidi, Kasai, Wakuba walifuma nyuzi za rafia. Wanaume wanafuma na wanawake wanadarizi. Nguo hizo zililipa mahari, zililipa faini, na mtu mkubwa alizikwa nazo.

Ndugu zetu wa Rwanda wanajua impuzu, gome la mti wa umuvumu. Kwa Kirundi hata leo impuzu maana yake ni nguo, hata kama ni jinzi. Lugha inakumbuka kile sisi tumesahau.

Na msifikiri ni Afrika peke yake. Kaskazini ya Japani, watu wa Ainu walitoa nyuzi ndani ya gome la mti wakafuma kanzu zinazoitwa attus. Leo kanzu hizo zinawekwa makumbusho na watu wanalipa kuziangalia. Hakuna anayewacheka.

Sasa gome liliondokaje? Biashara ndiyo ilianza. Marekani iliandikiana mkataba na Sultani wa Muscat, aliyetawala pia Zanzibar, mwaka 1833, na pamba yao nyeupe ikapanda bara na misafara. Ndiyo maana tuliiita merikani. Waarabu walikuwa wamefika Buganda na vitambaa kabla ya wamisionari, ambao walikuja mwaka 1877. Halafu mwaka 1903 mbegu za pamba zikagawiwa Uganda, mkulima akalima pamba apate hela ya kodi ya serikali. Gome likabaki la wazee, la matambiko na la mazishi.

Hilo la mazishi ndilo linanigusa. Mimi hujitolea kugawa nguo kwa wanaofika, na wengi wanafika na kikwembe kimoja tu mwilini. Siku moja bibi mmoja aliyefiwa na mume wake aliniuliza kama kwenye vitu vyetu kuna gome la kumfunika, kama baba yake alivyofunikwa. Tulikuwa na blanketi na mashati. Alichukua blanketi, akashukuru.

Waganda bado wanazika na gome, na Unesco iliutambua ufundi wake kama urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2005. Linauzwa sokoni Kampala. Kwa hiyo fundi yupo, mti upo, ila bibi yule hakuwa na nauli wala mtu wa kumtuma.

Wenye bibi na babu hai, waulizeni mti huo unaitwaje kwa lugha yenu na nani aliupiga kijijini. Nileteeni majina, hata kwa sauti, nitayaandika yote kwenye daftari la kikundi.