Mwenye Macho na Aambiwe Tazama

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika somo la sayansi msemo huo hautoshi, maana mengi yaliyo mbele yetu hayaonekani kwa macho matupu.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake, Micrographia. Alikata kijipande chembamba cha gamba la mti litengenezalo vizibo, akakitazama kwa hadubini, akaona vijumba vilivyopangana mfano wa sega la nyuki. Akavipa jina lenye maana ya chumba kidogo, na ndiyo asili ya neno letu seli. Lakini vyumba vile vilikuwa vitupu, kwa kuwa gamba lilikwisha kufa. Ilipita miaka 166 hata Robert Brown wa Uskoti akakipa jina kiini cha seli, mwaka 1831.

Mtoto wa darasa la saba hapa Nangurukuru aweza kumpita Hooke kwa nusu saa. Abandue utando mwembamba wa ndani ya tabaka la kitunguu, autandaze juu ya kioo bila kukunjamana, adondoshe tone la aidini, aufunike. Hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga haihitaji umeme. Ielekezwe kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua lenyewe, lisije likamuumiza macho. Hapo ataona kuta zilizopangwa kama matofali, na ndani yake doa la kiini.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, mtoto anayo maneno: seli, ukuta, kiini. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa hata kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno tunayo, kinachopungua ni kuona. Mtoto aliyekariri mchoro wa ubaoni, akiingia kidato cha kwanza na lugha ikageuka kuwa Kiingereza, hupoteza neno na asibakiwe na kitu, kwa sababu hakuwahi kuwa nacho. Aliyekiona kwa jicho lake hubadilisha jina tu.

Basi shule zisizojiweza na zichangie hadubini moja, izunguke kwa zamu. Na mwalimu amwambie mtoto achore alichokiona, wala si kilichomo kitabuni, hata kama amechora mapovu ya hewa akidhani ni seli. Povu lile laweza kusahihishwa. Mchoro wa kunakili hauna cha kusahihisha.