Mfungo wa Kwaresima

Ukitaka kujua habari za Kwaresima katika Mombasa, msomaji, rudi nyuma hata mwezi wa Aprili 1498. Jumamosi tarehe 7 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Mabaharia wake walikuwa wameambiwa kwamba mjini wamo Wakristo, wakatumaini kusikiliza Misa pamoja nao nchi kavu. Tumaini hilo halikutimia. Badala yake Mfalme wa Mombasa aliwapelekea zawadi: kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Sasa tazama ajabu ya mambo. Kwa sheria ya Kanisa la wakati ule, Mkristo mwenye afya hakuruhusiwa kula nyama katika Kwaresima. Mfalme angejuaje? Yeye alikirimu wageni kwa desturi ya Pwani, ingawa baadaye pande zote mbili zilishukiana. Wagonjwa melini walikuwa wengi, na mgonjwa hakubanwa na sheria ile. Tena machungwa na malimau hayakukatazwa kwa mtu yeyote, nayo, kama tujuavyo leo, ndiyo dawa ya kiseyeye.

Nimeanza na kondoo huyo kwa sababu kutoelewana kule hakujaisha. Huko Mikindani, upande wa bara, Wakristo na Waislamu hukaa mlango kwa mlango. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huo huo. Mwanafunzi Mwislamu amwonapo mwenzake Mkristo akinywa maji saa sita mchana, humwuliza, "Nawe wasema umefunga?" Swali ni la haki. Kwa watu wa Pwani kufunga ni kutotia kitu kinywani tangu alfajiri hata magharibi. Wakristo walilitumia neno lile lile kwa jambo jingine.

Kwa Mkatoliki mambo ni mawili, na hata waumini huyachanganya. Kufunga ni habari ya kiasi: mlo mmoja wa kushiba kwa siku, na mingine miwili midogo. Kujinyima nyama ni habari ya aina: samaki ruhusa, ng'ombe na kuku marufuku. Zamani sheria iliamuru kufunga kila siku ya Kwaresima isipokuwa Jumapili. Tarehe 17 Februari 1966 Papa Paulo VI aliilegeza. Siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na nyama ikaachwa siku hizo na siku za Ijumaa, kuanzia umri wa miaka 14. Tangu 1983 wajibu wa kufunga huanza mtu atimizapo miaka 18. Basi wewe uliye na miaka 15, sheria yakudai nyama, haikudai mlo. Waanglikana, ambao kijiji chao cha Frere Town kilianzishwa Kisauni mwaka 1875, wanazo siku arobaini hizo hizo katika kitabu chao cha sala, lakini hakiwaambii wale nini.

Nami nina shaka moja. Kibarua wa Mikindani huenda asionje nyama wiki nzima kwa kukosa fedha. Ijumaa yake haina tofauti na Alhamisi. Mwenye mshahara huiacha nyama, akala samaki wa kupaka aliyezama katika tui zito. Sheria yasema wote wawili wametii. Lakini ni nani aliyejinyima?

Papa mwenyewe aliliona jambo hili. Katika waraka ule wa 1966 aliwataka wa nchi zenye neema wajinyime zaidi. Na wa nchi maskini wamtolee Mungu taabu zao katika sala, huku wakitafuta haki kwa kila njia. Labda ndiyo sababu, ukifungua vitabu ambavyo maaskofu Wakatoliki wa Kenya huvitoa kwa Kampeni ya Kwaresima, utakuta habari za rushwa na uchaguzi kuliko habari za nyama.